Pumzi za Mattie Hession

Hapana, hapana. Mwanamke mwingine hakuwepo. Nani kakwambia hivyo, mama yako? Mama yako alikuwa Boston miaka hiyo, atajulia wapi? Wala pombe haikuwepo, Fintan ni mtu wa chai, unamjua. Ukitaka kujua kwa nini Dervla na Fintan waliachana karibu mwaka mzima, bila simu, bila salamu, wakipishana mtaani Shop Street kama watu wasiojuana, basi sababu ni pumzi. Ndiyo, pumzi. Hewa ya kuvuta. Usicheke. Sogeza kiti, moto uko huku.

Ngoja nianze walipokutana, maana nisipoanza pale nitachanganya mambo na bibi yako atanikosoa toka jikoni.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi, mvua ile yetu ya Galway inayonyesha kwa ubavu. Kwenye hoteli moja karibu na stesheni watengeneza filimbi walikuwa wamekuja toka kila upande kuonesha kazi zao. Ukumbi mmoja, meza zimejaa filimbi za mti: za mpingo mweusi zenye pete za fedha, nyingine za mti wa njano kama asali. Na watu sasa! Kila mtu kashika yake anapuliza, kila mtu na wimbo wake, na kasi yake. Hujapata kusikia kitu kama hicho. Mbwa wa mwenye hoteli alikimbilia jikoni akakataa kutoka.

Dervla alikuwa humo. Huyu ni mtoto wa Mattie Hession, kaka yake bibi yako Nonie. Kazi yake kupima watu macho kwenye duka la miwani, lakini siku hiyo kavaa koti la mvua la njano linalofika magotini na viatu vyekundu ambavyo Nonie aliviita viatu vya kuwasumbua mapadri. Nywele nyeusi, zimelowa, zimemganda shingoni. Kashika filimbi mbili, anajaribu hii, anajaribu ile, anakunja uso kwa sababu hajisikii hata mwenyewe.

Akasikia mtu nyuma yake: "Dada, humu ndani hutachagua kitu."

Akageuka. Jamaa mrefu, mwembamba, sweta la kijani limechanika viwiko, spika za masikioni zinaning'inia shingoni kama kola ya farasi, mkononi kashika maikrofoni imevishwa manyoya.

"Na wewe ndo nani, polisi wa filimbi?"

"Fintan Tarpey. Narekodi."

"Unarekodi nini, na kelele zote hizi?"

"Hizo hizo kelele. Zitakuja kutaka kusikilizwa siku moja."

"Na nani? Viziwi?"

Fintan akacheka, na nakwambia Dervla baadaye alikiri kwamba ni kile kicheko, maana kilianzia puani kama mtu anayejizuia kanisani. Akamwambia, "Njoo huku nje, kwenye korido ya vyooni. Kuna ukuta mzuri sana."

"Katika mistari yote ya kutongoza niliyowahi kusikia, huo ndo wa mwisho kabisa kwa ubaya."

"Lete na filimbi zote mbili."

Akaenda. Fintan akamsimamisha karibu na ukuta, uso kwa ukuta, kama mtoto aliyeadhibiwa, akamwambia apulize pale. Ukuta unakurudishia sauti yako usoni, unasikia filimbi inavyoongea kweli. Dervla akapuliza ya kwanza, sauti ikatoka nene, imejaa. Akapuliza ya pili, ikatoka nyembamba zaidi, tamu, kama mtu anakunong'oneza.

"Ya kwanza ni bora," Fintan akasema.

"Najua. Lakini si yangu, ni ya Baba. Anataka yenye matundu madogo. Ile yake ya zamani ina matundu makubwa, anasema siku hizi inamla upepo."

Fintan akaitazama ile filimbi nyembamba. Yeye katika kurekodi kwake amekaa na wapuliza filimbi wengi, na anajua kwamba mtu aliyezoea matundu makubwa maisha yake yote haachi hivi hivi tu. Inachukua upepo mwingi, lakini ndiyo inayompa ile sauti yake, na ukimwambia aiache ni kama umemwambia abadilishe jina. Lakini hakusema. Akauliza tu, "Baba yako nani?"

"Mattie Hession."

"Mattie Hession? Yule ambaye hajarekodiwa hata mara moja?"

"Huyo huyo. Na usithubutu kumwomba. Aliyemwomba mwisho alitoka na ufagio nyuma yake."

Sasa wewe hukumwahi Mattie, Mungu amlaze pema. Mattie alikuwa akipiga filimbi kwenye baa, hata ukiwa umefumba macho, hata ukiwa mlangoni unafunga mwavuli, unajua ni yeye. Si kwa nyimbo. Nyimbo wote wanazo hizo hizo. Ni kwa pumzi. Mpuliza filimbi lazima avute hewa, si ndiyo, na akivuta lazima aache noti moja iende zake. Kila mtu ana mahali pake pa kuacha. Mattie alikuwa anapiga kipande kizima cha wimbo kwa pumzi moja, mpaka unamwonea huruma, halafu mwisho kabisa, "hhap!", kama mtu anayejitwisha gunia la viazi. Watu walikuwa wanaisubiri. Wachezaji walikuwa wanapiga kisigino chini pale pale.

Basi Dervla akanunua ile nyembamba. Na Fintan akapata namba ya simu.

Ee, simu zile! Nonie alikuwa anasema ukimpigia Dervla miezi ile unapata laini inaongea tu.

"Unafanya nini, laazizi?"

"Nampima macho bibi mmoja."

"Na umepokea simu?"

"Haoni, si ndo maana kaja."

Siku nyingine Fintan anamrekodia mlio wa batamaji mwenye hasira kule gatini Claddagh, anamtumia: "Nimekusikia mahali." Dervla anajibu: "Huyo si mimi, huyo mama yako kaniona na viatu vyekundu." Walikuwa hivyo. Jumapili wanatembea Salthill kando ya bahari, upepo unawapeleka kama nguo kwenye kamba, wanakula chipsi za siki toka kwenye karatasi. Siku moja mwezi wa pili walipofika mwisho kabisa, kwenye ule ukuta tunaoupiga teke, desturi yetu hapa, kabla ya kugeuka, Fintan akapiga teke lake, halafu hakugeuka.

"Nini, umeumia kidole?"

"Dervla, nikikuuliza kitu utanicheka?"

"Kwa hakika."

"Nioe."

"Ni wewe unayenioa, mjinga."

"Basi nikuoe."

Dervla akapiga teke ukuta kwa kile kiatu chekundu kwa nguvu mpaka kikachubuka, akasema, "Nimeshapiga muhuri. Twende, nasikia baridi." Harusi ikapangwa mwezi wa kumi, mwaka tangu wakutane.

Sasa hapa ndo Mattie anaingia. Wiki hiyo hiyo Mattie alimpigia simu Fintan mwenyewe. Mattie, mtu ambaye simu alikuwa anaishika mbali na sikio kana kwamba inang'ata.

"Kijana, una chumba cha kurekodia?"

"Ninacho, mzee. Nyuma ya ile bucha iliyofungwa."

"Nitakuja Jumatatu, Dervla akiwa kazini. Mwambie ni zawadi ya harusi. Asije kusikiliza mpaka siku yenyewe."

Dervla aliposikia alilia kwa furaha, maana hilo ndilo alilokuwa akiliomba tangu utotoni: baba yake abaki kwenye kitu, hata akiondoka abaki mahali. Akamwambia Fintan, "Ukimharibia nitakuua." Akambusu mara nyingi usoni pale pale mlangoni kwetu, Nonie akajifanya anatafuta miwani.

Kwa hiyo Mattie akaenda. Chumba cha baridi kile, maana mitambo ya joto inagonga gonga na maikrofoni inasikia kila kitu, kwa hiyo inazimwa. Magodoro ya zamani ukutani. Filimbi ya mti ikiwa baridi inashuka sauti, basi Mattie anaiweka kwapani ndani ya koti kama mgonjwa na kipima joto, anasubiri ipate moto. Siku ya kwanza walipiga kidogo, wakanywa chai nyingi. Siku ya pili Mattie akapiga wimbo mmoja ule alioupata kwa mama yake alipokuwa akikamua ng'ombe, na katikati akaacha. Akaanza tena, akaacha. Akakohoa. Akakaa.

Fintan upande wa pili wa kioo, spika masikioni, alisikia kitu ambacho sisi wengine hatukuwa tumesikia. Maikrofoni ile ipo karibu na mdomo. Alisikia kifua. Kinapiga mluzi, kinakwaruza, kama lango la chuma. Akatoka akamkuta Mattie anatazama mikono yake.

"Mzee, upo sawa?"

"Si umesikia?"

"Nimesikia."

"Mapafu yanakuwa magumu. Daktari kasema kama sponji iliyokauka, haitanuki. Hakuna dawa ya kuyarudisha."

"Dervla anajua?"

"Hajui, wala Nonie hajui, na wewe hujui." Mattie akamshika sweta hapa, kifuani. "Sikiliza, mkwe. Mama yake alipokufa, huyu mtoto alilala kwenye kiti kando ya kitanda miezi na miezi, anahesabu pumzi za mama yake. Nikimkuta asubuhi midomo inatembea, bado anahesabu. Nikimwambia leo, kesho yupo chumbani kwangu na kile kiti. Harusi hakuna, viatu vyekundu hakuna. Mimi nitamwambia mwenyewe mkisharudi fungate. Mpaka hapo, usifungue mdomo."

"Na hii kurekodi?"

"Tutarekodi. Lakini hizo pumzi uzitoe. Zote. Asisikie hata moja."

"Mzee, pumzi yako ndo..."

"Najua pumzi yangu ni nini. Hii siyo hiyo tena. Toa."

Sasa niambie wewe ungefanya nini. Fintan alifanya. Alikaa kwenye kompyuta wiki nzima akikata pumzi moja moja, anakata, anaziba, analainisha, mpaka filimbi ikatoka safi kama maji ya bomba. Na zile rekodi za mwanzo, ambazo hazijaguswa, Mattie alimsimamia begani: "Futa." Fintan akasema tuziweke tu, hakuna atakayezisikia. Mattie akasema, "Kitu kikiwepo mtu atakisikia. Futa nikiona." Akafuta.

Mattie hakufika mwezi wa kumi. Alikwenda mwezi wa tisa, asubuhi, kwenye kiti cha dirishani, magazeti mapajani. Tukadhani moyo. Matanga yalikuwa makubwa, watu walijaa mpaka uani, sandwichi za Nonie ziliisha tukaanza kukata mikate ya majirani. Kaburini walipiga filimbi na fidla kwenye mvua, na Dervla na koti lile la njano, alikataa kuvaa jeusi, kasimama ameshikwa mkono na Fintan, hajalia hata tone.

Alilia wiki iliyofuata. Nyumbani kwake, ile fleti ya juu ya dobi. Alitia ile albamu ya baba yake, ile zawadi ya harusi, kwenye mashine, akapiga magoti sakafuni karibu na spika, akafumba macho. Unajua alikuwa anasubiri nini? Alikuwa anasubiri ile "hhap." Kama unavyosubiri mtu agonge mlango. Kipande cha kwanza kikaisha. Hakuna. Cha pili. Hakuna. Akasikiliza nyimbo zote mpaka mwisho, hakuna mtu mle ndani. Filimbi tupu, inajipiga yenyewe.

Fintan akaja na mkate. Akamkuta pale sakafuni.

"Yuko wapi?"

"Nani, mpenzi?"

"Baba. Umemweka wapi? Pumzi zake ziko wapi, Fintan?"

Fintan akaweka mkate mezani.

"Umezikata? Umezikata! Baba yangu si samaki wa kutolewa mifupa! Nani alikwambia umsafishe?"

"Dervla..."

"Basi nipe zile za mwanzo. Sitaki maneno, nipe tu zile za mwanzo."

"Nimezifuta."

Alimtazama, anasema Fintan, kama unavyomtazama mtu kwenye basi aliyekukanyaga makusudi. "Kwa nini?"

Hapo sasa. Hapo ndo angeweza kusema. Baba yako aliniambia. Maneno matatu tu. Lakini fikiria: akisema hivyo, anajiokoa yeye, halafu Dervla anabaki na nini? Anabaki anajua kwamba baba yake alikuwa anakufa tangu mwezi wa pili, na yeye alikuwa anacheka kando yake, anachagua keki. Na kwamba mwanaume anayelala naye alikuwa anajua. Mattie alisema atamwambia mwenyewe. Mattie hakuwepo tena wa kusema.

"Nilidhani itapendeza," Fintan akasema.

"Toka."

Ndo hivyo, mjukuu wangu. Pete ya uchumba Dervla aliirudisha kwa posta ya duka la miwani. Fintan alipiga simu, mara ya kwanza ikalia, baadaye hata kulia haikulia. Akaacha. Misa ya kumwombea Mattie mwezi mmoja baada ya kifo, Fintan hakuja. Nakala za albamu zilipozunguka mjini watu wakaipenda, walisema Mattie uzeeni kapata mtindo mpya, anaruka ruka noti kama kijana. Dervla akisikia hivyo anatoka nje ya baa. Nonie akamchukia Fintan mpaka akawa akimwona barabarani anahama upande, na upande wa pili hauna hata njia ya miguu.

Mwaka ukaenda. Tunafika Jumapili moja ya mwezi wa tisa tena, wiki ya Misa ya mwaka. Dervla alikuwa kaombwa apige wimbo mmoja kanisani, na akachagua ule wa kukamulia ng'ombe. Lakini mtu akikosa kupiga mwaka mzima vidole vinasahau, kwa hiyo alichukua ile filimbi ya matundu madogo, akaweka albamu, akasema liwalo na liwe, atapiga pamoja nayo.

Sasa unapopiga pamoja na mtu, si kama kusikiliza. Lazima uende anapokwenda. Dervla akaanza, akajikuta kila mara anapiga noti ambayo baba yake hakupiga. Hapa kaacha. Hapa pia kaacha. Kidogo tu, hapa tena. Sauti ya hewa Fintan aliitoa, ndiyo, lakini noti ambazo hazikupigwa angezitoa wapi? Kubandika noti ambayo Mattie hakupiga, hilo hakuliweza, hakuthubutu. Kwa hiyo mashimo yalibaki. Amelainisha kingo, lakini yalikuwepo. Watu waliita mtindo.

Dervla akasimamisha, akarudisha mwanzo. Safari hii akaamua: kila baba akiacha noti, na yeye avute pumzi. Akapiga hivyo. Akavuta, akapiga kidogo, akavuta, akapiga kidogo, akavuta. Katikati ya kipande cha kwanza tu alikuwa kichwa kinamzunguka, maana kifua kizima hakihitaji hewa nyingi hivyo. Na baba yake ni mtu aliyekuwa anapiga kipande kizima kwa pumzi moja.

Akaiweka filimbi chini. Akaitazama. Matundu madogo. "Ile ya zamani inamla upepo." Ngazi za kanisa ambazo mzee alianza kuzikwepa, anapitia mlango wa pembeni. Kile kiti cha dirishani. Kila kitu kikaja kwa pamoja.

Halafu akashika simu.

"Fintan."

"...Dervla?"

"Usiongee. Jibu tu. Baba alijua anakufa?"

"Alijua."

"Na wewe?"

"Nilijua."

"Yeye ndo alikwambia uzikate."

"Dervla, mimi..."

"Jibu!"

"Ndiyo."

Akakata simu.

Sasa Jumamosi ya Misa. Dervla alipiga ule wimbo mbele ya kanisa, alipiga wote, na mahali pa baba yake akavuta pumzi kwa nguvu mpaka wazee wa viti vya mbele wakageuka. Nyuma kabisa, mlangoni, kwenye lile kundi la wanaume wasiopenda kukaa, alikuwepo Fintan na suti ambayo haikumtosha. Watu walipotoka mvua ilikuwa imeanza. Fintan akaenda garini haraka, kainamisha kichwa, lakini Dervla akafika kabla hajawasha, akagonga kioo.

"Fungua."

Akafungua.

"Endesha. Kwa Shangazi Nonie."

"Shangazi Nonie ataniua."

"Labda. Endesha."

Sisi tulishafika nyumbani. Nonie kaandaa mguu wa kondoo, viazi vya kuoka na vya kuponda, kabichi, mchuzi, mkate wa soda bado una moto, ndugu waliotoka mji wa Tuam, majirani, nyumba imejaa watu wamesimama wameshika glasi wanatazama meza kwa tamaa. Tukaona gari la Fintan linasimama getini. Hatoki mtu.

"Nani yule?" Nonie akauliza. Akapangusa dirisha kwa taulo. "Hapana. Siyo yule."

"Yupo na Dervla," nikasema.

"Nitatoka na mwiko."

"Subiri, Nonie."

Mvua inapiga gari, vioo vimeanza kuwa na ukungu. Yaliyosemwa mle ndani Dervla aliniambia mwenyewe, tukiwa tunaosha vyombo.

Alimwambia Fintan, "Bado nina hasira."

"Najua."

"Mlikuwa wawili mnaamua mimi nijue nini. Mlinifanya mtoto."

"Ndiyo."

"Ningekaa naye, Fintan."

"Ndo maana hakutaka."

"Nilimwita mvivu! Mwezi wa saba. Alikataa kupanda kwangu, ngazi za dobi. Nikamwambia Baba umekuwa mvivu, utaota mizizi. Akacheka akasema kweli. Nilimwita mvivu, na wewe ulikuwepo, ulikuwa umeshika mifuko!"

"Nilikuwepo."

"Na hukusema."

"Sikusema. Ningeambiwa leo, ningefanya tofauti. Siku ile sikuweza."

Huku ndani Nonie dirishani anasema nyama imekuwa soli ya kiatu. Mjomba wa Tuam akachomoa kiazi kimoja kwa vidole, akapigwa mkono.

Halafu mle garini Dervla akamgeukia Fintan. "Zilikuwaje?"

"Nini?"

"Pumzi zake. Wewe ndo ulizikata, moja moja. Ina maana ulizisikia moja moja, tena na tena. Hakuna mtu mwingine duniani aliyezisikia. Nionyeshe."

"Dervla, siwezi."

"Nitaimba wimbo polepole. Wewe vuta pale alipovuta. Kama alivyovuta."

Na akaanza, kwa sauti ndogo, ule wimbo wa kukamulia ng'ombe. Sisi huku tuliona tu mabega ya Fintan. Yanapanda, yanashuka. Yanapanda, yanashuka. Sijui Nonie alielewa nini, lakini taulo lilimwanguka na hakuliokota. Mle garini Fintan alikuwa anavuta hewa kama mtu anayevuta kamba kutoka kisimani, na ule mluzi kifuani, aliufanya na ule, alikuwa anaukumbuka wote, na machozi yanamtiririka puani na hajifuti maana angepoteza mahali. Dervla anaimba, anamtazama mdomo. Wakafika mwisho wa kipande, pale penyewe, pale pa "hhap."

Fintan akaacha.

"Na hapa?" Dervla akauliza.

"Hapa hakuvuta. Hapa alishindwa, akaacha filimbi, akacheka. Akasema, 'Dervla angekuwepo angesema nimekimbiza wimbo.'"

"Alikuwa kakimbiza?"

"Kidogo."

Dervla akalia. Alilia kilio cha mwaka mzima, kichwa kwenye ile suti mbaya, na Fintan kamshikilia anatazama mvua. Fintan hakuomba msamaha, wala Dervla hakusema nimekusamehe. Akasema tu, "Nina njaa."

Wakaingia. Sebuleni watu wote wakageuka, na glasi zao. Nonie kasimama mlangoni mwa jikoni na ule mwiko. Akamtazama Dervla macho mekundu, akamtazama Fintan, akasema, "Mattie alikuwa mgonjwa, siyo?"

"Ndiyo, Shangazi," Dervla akasema. "Muda mrefu. Alituficha sisi wote."

"Na huyu alijua."

"Alijua. Baba alimfunga mdomo."

Mwiko ukadondosha mchuzi kwenye zulia. Nilidhani atampiga. Akaushusha mwiko. "Mjinga yule," akasema. "Kaka yangu mjinga yule. Angeniambia hata mimi, ningemshikia kikombe." Akageuka ukutani kidogo. Akageuka tena, akamnyooshea Fintan mwiko. "Na wewe umekonda kama nani. Vua koti hilo, limelowa. Haya, jamani, mnasimama kama mmekuja kununua ng'ombe? Chakula kinapoa."

Viti vikaburutwa. Dervla akavuta chake, akavuta na cha pembeni, akapiga piga pale juu kwa kiganja bila kumtazama mtu, na Fintan akaja akakaa. Mtu akapitisha viazi. Mtu akaomba siagi. Nonie akakata ile nyama kavu, akaweka kipande kikubwa kwa Dervla, kikubwa zaidi kwa Fintan, akajipakulia mwenyewe mwisho, akakaa, na sote tukaanza kula.